"Astigmatic" ya Komeda: kiongozi anayewaachia wenzake nafasi

Kwa wanaotaka kujua kwanza wanauziwa nini: hii ni santuri moja ya jazi ya mpiga piano wa Polandi, Krzysztof Komeda, yenye vibao vitatu, dakika 46 hivi kwa jumla, na hakuna mwimbaji hata mmoja. Upande wa kwanza una kibao kimoja tu, "Astigmatic" chenyewe, kinachochukua karibu dakika 23. Upande wa pili una "Kattorna", dakika saba na ushee, halafu "Svantetic", karibu dakika 16. Kazi yote ilirekodiwa Warszawa Desemba 1965 na ikatoka 1966 kwa Polskie Nagrania Muza, kampuni ya dola ya Polandi wakati huo, ikiwa namba 5 katika mfululizo wao wa Polish Jazz. Ninayoimiliki mimi ni toleo jipya. Kampuni ya Warner ilinunua hazina ya Polskie Nagrania mwaka 2015, na mwaka uliofuata ikaanza kuurudisha mfululizo huo madukani, sauti ikiwa imesafishwa upya kutoka kwenye kanda za mwanzo. Naipa alama tisa kwa kumi. Ile moja niliyobakiza nitaeleza imekwenda wapi.

Nasikiliza muziki kama mpiga tarumbeta, na ni vizuri msomaji ajue hilo mapema. Nimekulia katika bendi ya matarumbeta ya usharika wa Kilutheri, huku kwetu chini ya Kilimanjaro, ambako maziko, harusi, sikukuu ya mavuno na alfajiri ya Pasaka haviendi bila matarumbeta. Mtoto anayeingizwa kwenye bendi hizi anafundishwa mambo mawili kabla hajafundishwa wimbo: avute pumzi pamoja na wenzake, na anyamaze pale ambapo sauti yake haijaandikiwa kitu. La pili ndilo gumu. Nimewaona watu wazima, wapigaji wazuri kabisa, wasioweza kukaa mipigo minne bila kutia neno. Kwa hiyo ninapopima bendi yoyote, ya kanisani au ya dansi au ya jazi, namtafuta kwanza anayejua kunyamaza. Katika santuri hii anayejua kunyamaza kuliko wote ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa.

Krzysztof Komeda ndiye mpiga piano na ndiye mtunzi wa vibao vyote vitatu. Ungetegemea piano iwe mbele, iongee sana, ijionyeshe. Badala yake anaweka noti tatu nne kwa pamoja, anaziacha zining'inie, anasubiri. Mpiga tarumbeta anapopanda, Komeda hamkimbizi. Saksafoni inapokwaruza, hajaribu kuipooza kwa noti tamu. Zipo sehemu ndefu ambazo unaweza kusahau kwamba piano ipo, kisha inaingia kwa mguso mmoja tu na ghafla kila kitu kinabadilika rangi: kilichokuwa hasira kinakuwa huzuni, na wenzake wanne wanageuka naye bila kuambiwa. Nimepiga chini ya viongozi wengi wa bendi. Uongozi wa namna hii ni adimu, na kwangu hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuitafuta santuri.

Sasa hao wanne.

Tarumbeta iko kwa Tomasz Stańko, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 23 na alikuwa na Komeda tangu 1963. Sauti yake haina ule mng'aro tunaohimizwa kuutafuta tangu utotoni. Mwalimu wangu wa bendi angemsimamisha kabla mstari haujaisha. Pumzi inavuja pembeni ya noti, vali zinabonyezwa nusu ili sauti ikwaruze, noti nyingine inaanzia chini ya mahali pake na kupanda polepole hadi ifike, kama haina hakika ya kukaribishwa. Lakini sikiliza mahali anapoamua kusafisha sauti. Inatokea mara chache, katikati ya kilio, noti moja ndefu iliyonyooka kabisa, na hapo unatambua kwamba kijana huyu anaweza kupiga safi akitaka. Uchafu ule wote ameuchagua. Kwa mpulizaji, kusikia hivyo ni darasa. Tunafundishwa kwamba sauti nzuri ni moja. Stańko anakuonyesha kwamba sauti nzuri ni ile inayolingana na neno unalolisema.

Saksafoni aina ya alto iko kwa Zbigniew Namysłowski, aliyekuwa na miaka 26. Huyu alipitia piano, selo na tromboni kabla ya kukaa kwenye saksafoni, na mimi nasikia tromboni ile katika namna anavyoteleza kutoka noti hadi noti. Ana ukali ambao Stańko hana. Stańko anauliza, Namysłowski anashtaki. Wawili hao wanapopiga maudhui, yaani wimbo mkuu wa kibao, kwa pamoja, sauti zao hazilingani hata kidogo, na Komeda ameandika akijua hivyo, maana mistari yao inapishana kwa nafasi ndogo sana, inagusana, inaachana. Katika bendi yetu tungesema hawajapatana. Hapa kutopatana kwenyewe ndiko kunakobeba wimbo.

Besi ya kusimama iko kwa Günter Lenz, Mjerumani wa Frankfurt, mtu wa kundi la Albert Mangelsdorff, mpiga tromboni wa jazi wa Kijerumani. Ngoma ziko kwa Rune Carlsson wa Sweden. Hapa nataka nikae kidogo.

Mahali waliporekodia ni ukumbi wa Filharmonia ya Taifa, Warszawa. Jengo la mwanzo la Filharmonia liliharibiwa katika vita, kama ilivyoharibiwa sehemu kubwa ya mji huo, na ukumbi uliojengwa upya ulifunguliwa 1955. Miaka kumi baadaye Mjerumani anasimama ndani yake na besi yake, anawashikia Wapolandi msingi wa muziki wao, na anaushika vizuri mno. Sisi wa ukanda wa Meru na Kilimanjaro hatuwezi kusema vita ile haituhusu. Pale Tengeru yako makaburi ya Wapolandi, wakimbizi walioanza kufika 1942 baada ya kuhamishwa kwa nguvu na Wasovieti na kupitia Uajemi. Nimepita kwenye makaburi yale nikisoma tarehe, na mengine ni ya watoto. Kwa hiyo nikimsikia Lenz katika kibao cha kwanza, mahali ambapo wapulizaji wananyamaza na yeye anabaki na nafasi yote, sisikii ufundi peke yake. Nasikia watu wa kizazi kilichozaliwa vita vikikaribia au vikiwa vimeanza, wameamua kuaminiana kwenye jambo gumu. Kwenye jalada hakuna anayeliandika hilo. Ni mimi nalisikia, na siwezi kulitoa masikioni.

Kibao chenyewe, "Astigmatic", hakikupi muda wa kukaa sawa. Mwendo unabadilika chini ya miguu yako: unakaza, unalegea, unasimama, unaanza tena mahali usipotarajia. Mtu aliyezoea dansi, ambako mpigo ni ahadi na haivunjwi hadi wimbo uishe, atatafuta mahali pa kushika na dakika za mwanzo hatapaona. Ushauri wangu ni kumfuata Carlsson. Matoazi yake ndiyo kamba. Hata pale mpigo unapoonekana umepotea, matoazi yanaendelea kuchemka, na ukiyafuata utaona kwamba hakuna kilichopotea, kila mtu anajua yuko wapi. Dakika 23 ni nyingi kwa kibao kimoja. Kuna mahali, baada ya katikati, ambapo naona nguvu inapungua na mazungumzo yanazunguka, na hapo ndipo nusu ya ile alama niliyoitoa ilipokwenda.

Ili kuelewa kwa nini kibao hiki kinasikika kama watu waliokuwa wamekizuia kifuani muda mrefu, inabidi kujua walikotoka. Komeda alizaliwa Poznań tarehe 27 Aprili 1931 kwa jina la Krzysztof Trzciński. Alisomea udaktari, akamaliza 1956, akafanya kazi katika kliniki ya masikio, pua na koo huko Poznań. Komeda ni jina alilojitwika ili wenzake wa hospitali wasijue kwamba daktari wao anapiga jazi usiku. Hofu yake haikuwa ya bure. Katika miaka ya Stalin wakuu wa Polandi waliichukulia jazi kuwa muziki wa adui, muziki wa Marekani, na waliopiga walipigia majumbani kwa watu, milango imefungwa. Wapolandi wenyewe wanakiita kipindi hicho cha mahandaki. Stalin akafa 1953, hali ikalegea polepole, na Agosti 1956 likafanyika tamasha la jazi Sopot, pwani ya Baltiki, ambako kundi la Komeda la watu sita liliwashangaza watu. Miaka miwili baadaye lilianza Warszawa tamasha la Jazz Jamboree ambalo liliwapa wote hawa jukwaa. Mwaka huohuo wa 1958 Dave Brubeck alizuru Polandi na kuondoka na utunzi wa shukrani alioupa sura ya Chopin, mtunzi wa piano wa Kipolandi. Nalitaja hilo kwa sababu moja: mgeni kutoka nchi yenye jazi alifika na akasikia kwamba wenyeji tayari wana babu yao wa piano. Wapolandi nao hawakumsahau babu huyo.

Swali linaloulizwa na kila mwenye rafu ya santuri za jazi ni hili: kwa nini ninunue ya Wapolandi wakati wenyewe Wamarekani wapo? Jibu langu liko upande wa pili wa santuri.

"Kattorna" kilianza kama muziki wa filamu ya Henning Carlsen ya mwaka huohuo wa 1965. Ni kifupi, na ni rahisi kukishika kuliko vyote. Chini yake kuna mchoro mdogo unaorudiwarudiwa, besi na mkono wa kushoto wa piano vikienda pamoja, na juu yake wapulizaji wanaweka maudhui ambayo utajikuta unayaimba jikoni. Lakini angalia yanavyokataa kufurahi. Mchoro wa namna ile, ukimpa mpigaji mwingine yeyote, utazaa karamu. Komeda anaupa wimbo unaotazama nyuma begani. Namysłowski anaingia kwa nguvu, Stańko anafuata akiwa na uchungu, na ule mchoro wa chini hauwaonei huruma, unaendelea tu. Watoto wangu, ambao hawapendi kitu chochote kati ya ninavyovipiga kwenye mashine yangu ya santuri, wanakipenda hiki.

"Svantetic" ni jambo jingine. Komeda alikitunga kwa heshima ya mshairi wa Sweden, Svante Foerster, na kwa maoni yangu ndicho kilele cha santuri nzima. Hapa yale mafunzo ya bendi ya kanisani yananirudia kwa nguvu zote. Wapulizaji wawili wanatoa maudhui marefu, mazito, yanayokwenda kwa hatua za msiba, na kati ya sentensi na sentensi kuna ukimya ambao hakuna anayeujaza. Hakuna! Carlsson, ambaye upande wa kwanza ulikuwa wake, anagusa kidogo tu. Tumezoea kwamba maziko yana nyimbo zake na kila mtu anajua beti ya tatu inaishia wapi. Huu ni msiba ambao wimbo wake unaandikwa ukiwa umesimama kaburini, na watano hao wanautafuta pamoja bila mmoja kumpita mwenzake. Stańko anapopewa nafasi yake peke yake, anaanza chini kabisa, karibu ananong'ona. Nimejaribu kupiga ile sehemu ya mwanzo kwa kuigiza. Noti zenyewe si ngumu, mtoto wa mwaka wa pili anazipata. Kinachoshinda ni kuzipiga polepole vile bila kuogopa kwamba watu watadhani umesahau.

Huzuni ya namna hii siisikii kwa Wamarekani wa miaka ileile. Wao wana huzuni yao, imetoka kwenye bluzi, ina historia yake na siigusi. Hii ya Komeda haina bluzi ndani yake, au ina kidogo mno. Ina nyimbo za Waslavi, ina piano ya Chopin kwa mbali, ina sinema, maana Komeda aliandika muziki mwingi wa filamu, ule wa filamu za mwongozaji Roman Polanski ukiwemo, na alijua jinsi ya kuweka sauti chini ya picha bila kuifunika. Waliokuwa wanajifunza jazi kwa kunasa redio usiku walikuwa wamekwisha kujifunza. Mwaka 1965 walikuwa wanasema yao. Kwa mwanamuziki yeyote anayepiga ala iliyokuja na wageni (na tarumbeta yangu ilikuja na wamisionari wa Kijerumani), hilo ni jambo la kulifikiria sana: inachukua muda gani, na inahitaji ujasiri gani, hadi ala ya mgeni ianze kulia kwa lugha ya nyumbani.

Sasa ubora wa bidhaa yenyewe. Sauti ya toleo hili jipya ni nzuri kuliko nilivyotegemea kwa kazi ya 1965. Ukumbi unasikika, na hilo ni zuri. Tarumbeta ikikatika ghafla unasikia ukuta ukiirudisha. Mikwaruzo ni michache, na kwa vibao vyenye ukimya mwingi kama "Svantetic" hili si dogo, kwa sababu kila punje ya vumbi inasikika. Safisha sindano kabla ya upande wa pili. Nusu nyingine ya alama niliyoibakiza iko hapa: kelele zinapopanda, besi ya Lenz inazama. Pale tarumbeta, saksafoni na matoazi vinapokuwa juu kwa pamoja unaijua besi ipo kwa sababu kitu kinatetemeka, lakini noti zake huzipati. Nadhani ni jinsi vipaza sauti vilivyopangwa siku ile, na hakuna usafishaji unaoweza kuongeza kisichokuwepo kwenye kanda. Ukiwa na spika zenye kifua utapata zaidi kidogo.

Kusikiliza kwenye simu inawezekana, santuri nzima ipo kwenye programu za muziki, na kwa anayetaka kuonja kwanza nashauri aanzie hapo. Ila asikilize kwa spika au kwa vifaa vizuri vya masikioni. Kwa spika ya simu yenyewe unabaki na matoazi na ukali wa saksafoni, na Komeda, ambaye kazi yake yote iko katikati na chini, anatoweka. Utamaliza ukidhani umesikia fujo.

Haimfai kila mtu, na ni haki kusema. Kama unatafuta cha kuweka wageni wakila, acha. Kama jazi unayoipenda ni ile ya nyimbo za zamani zilizopangwa vizuri, unaweza kuumia dakika kumi za kwanza. Haichezeki. Inataka ukae chini, na inataka nyumba iwe imetulia kidogo. Lakini kama unapiga ala yoyote ya kupuliza, au unaongoza kwaya, au unasimamia vijana wa bendi, naona ni chombo cha kazi kama kilivyo kitabu cha nyimbo. Wasikilizishe vijana wako mahali ambapo hakuna anayepiga, kisha waulize nani anaongoza pale.

Wengi watauliza wanunue nini baada ya hii, na hapo inabidi kusema kilichotokea. Komeda hakuwa na muda. Mwishoni mwa 1968, akiwa Los Angeles kwa kazi ya muziki wa filamu, alianguka na kuumia kichwani. Alipoteza fahamu, akarudishwa Warszawa, na akafariki tarehe 23 Aprili 1969, siku nne kabla ya kutimiza miaka 38. Waliobaki ndio walioibeba kazi yake, na wameibeba vizuri ajabu.

Wa kwanza ni Stańko. Mwaka 1970 alitoa "Music for K", santuri yake ya kwanza kama kiongozi, namba 22 katika mfululizo uleule wa Polish Jazz, na K ni Komeda. Hiyo ni kali zaidi ya "Astigmatic", na nashauri uifikie ukiwa umekwisha kuizoea hii. Kisha 1997, kwa kampuni ya ECM, akatoa "Litania", kazi nzima ikiwa ni tungo za Komeda, "Svantetic" ikiwemo, akiwa na wanamuziki wa Skandinavia kama Bobo Stenson na Jon Christensen. Wapuliza tarumbeta wenzangu wasikilize hiyo kwa heshima ya pekee. Katika miaka hiyo ya tisini Stańko alipoteza meno yake ya asili, na anayepuliza anajua maana yake: midomo inabebwa na meno, na sauti inabebwa na midomo. Ilimbidi aijenge sauti yake upya kwa meno ya bandia, akikaa saa nyingi na noti ndefu kama mwanafunzi. Ile "Svantetic" ya mzee ni ya taratibu, imepoa, ina giza zaidi. Ukisikiliza zote mbili mfululizo, ya 1965 na ya 1997, unamsikia mtu yuleyule akisema sentensi ileile baada ya maisha mazima kupita. Alifariki Julai 2018. Namysłowski alifuata 2022, akiwa ameacha nyuma kazi kubwa yake mwenyewe, ambayo "Winobranie" ya 1973 naiona ndiyo ya kuanzia.

Walio hai nao hawajalala. Mpiga piano Marcin Wasilewski na Sławomir Kurkiewicz walianza wakiwa vijana wa shule huko Koszalin, Michał Miśkiewicz akajiunga nao baadaye, santuri yao ya mwanzo ilikuwa ya nyimbo za Komeda, na baadaye Stańko akawachukua wakawa bendi yake. Leszek Możdżer alizipiga tungo hizi peke yake kwa piano mwaka 2011, kazi safi sana, japo kwangu mimi ina noti nyingi mno kwa mtunzi aliyependa chache. Kisha kuna EABS, vijana wa Wrocław, ambao 2017 walitoa "Repetitions", wakichukua tungo za Komeda zisizojulikana sana na kuzitia midundo ya kizazi chao, hata mapigo ya hip-hop. Nilidhani sitaipenda. Wanazipa tungo zile hewa, hawazijazi, na kampuni inayotoa kazi zao inaitwa Astigmatic Records. Kijana ambaye hataki kusikia habari za 1965 mpe hiyo kwanza, atarudi mwenyewe kuulizia chanzo.

Kuhusu manunuzi: toleo jipya linapatikana kwa urahisi kwa wauzaji wa mtandaoni wa Ulaya, kwa bei ya santuri mpya ya kawaida, na kwa sisi tulio huku gharama inayouma ni ya kusafirisha. Ukiwa na ndugu anayekuja likizo, mwombe aibebe kwenye mzigo wa mkononi, katikati ya nguo, isimame wima isilale chini ya vitu vizito. Usilipe pesa za wakusanyaji kwa nakala ya mwaka 1966 kama unachotaka ni kusikiliza. Nyingi zimechezwa sana, na ukimya wa "Svantetic" ndio wa kwanza kuharibika. Sidii nayo ni ya bei nafuu na sauti yake imesafishwa kutoka kanda zilezile. Ikifika, usianze na upande wa kwanza. Anza na "Kattorna", uache iendelee hadi "Svantetic", na zile dakika 23 uziweke kwa siku nyingine, masikio yakiwa yamekwisha kumzoea kila mmoja wa hao watano.